Bushi ya Mwisho ya Punda

Ijumaa tarehe 12 Juni 2015, kabla ya adhuhuri, tulimpoteza Mzee Saidi Amisi nyumbani kwake Chatsworth, Durban. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri, kama ilivyo desturi ya watu wake. Mimi ni Mkristo, lakini waliniachia koleo nami nikatupa udongo wangu. Siku tatu baadaye niliacha kazi. Notisi nilikuwa nimekwisha kuitoa. Nilichokuwa nasubiri ni gari moja lililokuwa juu ya matofali, na habari yake nitaifikia.

Nyinyi mnaobaki yadini, kwenye spea za magari ya zamani, mnajua kuwa pale hakuna kinachoandikwa zaidi ya risiti. Alichokijua Mzee Saidi alikijua kwa vidole, na vidole hivyo sasa viko chini ya ardhi. Mimi niliishia darasa la sita kule Uvira, Kongo, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nitaandika nilichokiona, na nitaandika kosa langu. Wengine mmelisikia nusu nusu, mkaniheshimu mkanyamaza.

Niliingia yadini mwaka 2008. Kabla ya hapo nilikuwa nalinda magari ya watu South Beach, nimevaa koti la rangi ya chungwa, na filimbi shingoni ambayo sikuwahi kuipuliza. Kwetu nilikuwa nimeshika spana miaka mingi, lakini Durban hakuna aliyeniuliza. Mwaka ule ulikuwa mgumu kwa sisi wageni, wengi walipigwa mitaani, na mwenye yadi alipokuwa anatafuta mtu wa kaunta anayejua kidogo magari na kidogo kunyamaza, nilienda.

Siku ya kwanza Mzee Saidi alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria kilichong'olewa katika gari fulani, kikiwa juu ya kreti mbili. Alikuwa mfupi, na kofia yake nyeupe ilikuwa safi kuliko kitu kingine chochote pale. Aliniwekea ndoo ya vyuma mbele ya miguu.

"Funga macho, Mkongo. Ingiza mkono, toa kimoja. Ni nini hicho?"

"Boliti."

"Boliti ya nini?"

"Ya gari."

"Eish!" Aligeuka kumtazama mtu wetu wa kukata vyuma kwa gesi. "Umesikia? Tumepata profesa. Ya gari!"

Kisha akaichukua ile boliti bila kuitazama, akaigeuza mara moja, akasema ni ya kushikia alternata, gari la aina fulani, na ilikaa karibu na radieta iliyokuwa inavuja. Nilienda kuuliza gari lilikokatwa. Radieta ilikuwa inavuja. Nilirudi nikakaa kimya. Huko kukaa kimya kulikuwa mwanzo wa kazi yangu yote.

Kwa asiyemjua: watu wake Durban huitwa Wazanzibari, ingawa Zanzibar yeye hakuwahi kuiona. Wazee wao wa zamani walitoka kaskazini mwa Msumbiji, na yeye alihamishiwa Chatsworth akiwa bado mtoto, pamoja na jamii nzima. Kiswahili alikiokota kwa wazee wa msikitini, akakishona viraka kwetu sisi Wakongo na Warundi. Kipuri alikuwa akikiita "piesi" kama sisi, na dakika hiyo hiyo "spea" kama Mtanzania, na mteja akichelewesha maneno alimwambia "sharp, baba, endelea."

Kazi yetu ilikuwa magari ambayo viwanda vimekwisha kuyaacha. Mtu akija na gari jipya tulimwelekeza madukani. Kiwanda kikiacha kutengeneza aina fulani, spea zake huendelea kuonekana kwa miaka kadhaa, kisha siku moja ukiuliza unajibiwa hakuna. Vinavyotangulia kufa ni vya mpira: mipira ya vioo, mipira ya milango, mabomba. Vinafuata vya plastiki. Shaba na chuma hubaki. Watu hudhani gari la zamani linakufa kwa injini. Mimi nimeona injini nzima, nzuri, ikienda kuyeyushwa kwa sababu ya kamba ya mpira ya urefu wa mkono.

Mzee Saidi alijua kitu ambacho sikukiona katika kitabu chochote: kipi cha gari hili kinaingia gari lile. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mmoja wa Westville, mwalimu wa chuo kikuu, na gari la marehemu baba yake. Kioo cha dereva hakipandi. Alikuwa ameuliza kila mahali, akaandikia mpaka ng'ambo. Mzee alimwomba afungue mlango, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kwapa, akakaa hivyo kama daktari wa ng'ombe. Alipoutoa alinituma kwenye gari la kiwanda kingine kabisa, adui wa kile cha kwanza, nikang'oe kipandishia kioo. Kiliingia bila kupigwa nyundo.

"Viwanda viwili hivi walikuwa wanatukanana kwenye magazeti," alimwambia yule mama, "lakini jikoni walikuwa wanakula sufuria moja. Fundi aliyewatengenezea kipandishia ni yule yule."

Mama alipandisha kioo, akashusha, akapandisha tena, machozi yakamtoka. Nilikuwa nimekaa na vyuma maisha yangu yote nisijue kuwa vina ndugu.

Sasa ukuta. Mnaujua, uko nyuma ya kaunta, una misumari na vyuma vinavyoning'inia kwa waya. Kila kilichoko pale ni cha mwisho cha aina yake. Sheria ya Mzee ilikuwa moja: cha mwisho hakiuzwi. Mteja akikihitaji, anasubiri siku tatu. Kinashushwa, kinapelekwa kwa Uncle Rajen mwenye mashine ya kukereza, mtaa wa pili, naye anatengeneza kingine kama hicho. Mteja anapewa kile kipya, na cha kiwandani kinarudi msumarini. Uncle Rajen alikuwa haandiki vipimo. Alipima upya kila mara, kwa sababu aliamini chuma kuliko karatasi, na karatasi zake zote zilikuwa na mafuta.

Kilichoshushwa mara nyingi kuliko vyote ni bushi ya Punda. Punda ni jina letu la yadini. Ni kile kibakkie, pikapu ndogo ya mizigo, ambacho kiwanda kilikiacha zamani na ambacho Warundi na Wakongo wa Durban walikuwa bado wanabebea kila kitu: vitanda, magunia, kwaya nzima ya kanisa. Bushi yake ni pete ya shaba, kubwa kama dole gumba, inayoshika pini ya mkono wa usukani. Ndani yake ni pana upande mmoja na nyembamba kidogo upande wa pili, na ina mfereji wa grisi unaozunguka. Ikilegea, usukani unacheza, na Punda mwenye mzigo anaanza kuchagua njia yake mwenyewe.

Mteja wangu wa kwanza wa bushi hiyo alikuja 2009. Anaitwa Ndikumana, Mrundi, anahamisha watu kutoka ghorofa moja hadi nyingine kule South Beach. Nilishusha bushi, nikaipeleka, siku ya tatu nikawa nazo mbili mkononi: ya kiwandani, imeanza kuwa nyeusi kwa hewa ya bahari, na ya Uncle Rajen, inang'aa kama dhahabu.

Hapa ndipo nilipokosea. Ujanani nilikuwa nauza unga dukani kwa mjomba wangu. Unga una utaratibu wake: wa zamani unatoka kwanza, mpya unaingia nyuma. Ukiacha wa zamani nyuma, unaingia wadudu. Mkono wangu ulifanya hivyo bila kuuliza. Ndikumana nikampa ya zamani, msumarini nikatundika mpya. Tena nilijisifu moyoni: mteja amepata ya kiwandani, na ukuta umepata kitu kisicho na kutu. Mteja wa pili nikampa hiyo iliyokuwa ukutani, nikatundika iliyotengenezwa kwa kuifuata. Wa tatu vivyo hivyo. Karibu miaka sita nilizungusha bushi za Punda kama magunia ya unga, na kila bushi ilizaliwa na ile iliyoitangulia, na kila moja ilikosa unywele ambao mama yake hakuukosa.

Mzee Saidi hakuona. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na tangu niliposhika kaunta hakugusa ukuta tena. Aliusalimia tu kila asubuhi akipita. Aliniamini.

Mwaka huu, mwezi wa pili, aliingia Mkongo mmoja akisema bushi tuliyompa haijamaliza miezi miwili na usukani unacheza tena. Nikamwambia ni barabara. Wiki hiyo hiyo akaja wa pili. Nikafungua mdomo niseme barabara, Mzee akaniwahi kutoka kwenye kiti chake.

"Papa Neema," akaniita, "nishushie ile ya ukutani."

Nikampa. Aliingiza kidole cha mwisho, kile kidogo, akakizungusha polepole. Yule mteja alikuwa anaongea, Mzee akamwinulia mkono anyamaze.

"Hii siijui," akasema. "Yangu iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nafikiri angenikubalia. Lakini nilikuwa nimekwisha kuelewa, pale pale, kitu kizima, tangu unga wa mjomba hadi yule mtu aliyesimama mbele yangu na usukani unaocheza. Nilimweleza yote mteja akisikia. Mzee aliigeuza bushi mkononi.

"Miaka sita," akasema mwishoni. "Miaka sita naamka, natoa salamu kwa bandia, na bandia inapokea!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kikaisha, kikohozi kikabaki, na hicho ndicho kikohozi kilichomlaza. Lakini kabla hajaondoka siku ile alinishika mkono wa shati.

"Sikiliza. Mapunda wote wa mji huu sasa ni watoto wa bandia. Mmoja akishindwa kona na watu nyuma, ni sisi. Usitoe bushi nyingine. Itafute yangu."

Nilimwambia pia mwenye yadi, nikatoa na notisi. Alisema notisi anaipokea kwa sababu ya umri wangu, lakini sitoki kabla ya bushi. Uncle Rajen alisema maneno yake ya Kihindi ambayo sikuomba yafasiriwe.

Miezi iliyofuata nilimtafuta Ndikumana. Namba yake ya simu ilikuwa ya mtu mwingine. Makanisani waliniambia amehamia Johannesburg, wengine kwamba ameuza gari. Nililala vibaya siku zile, niseme ukweli. Kisha Jumapili moja mwishoni mwa Mei nilikuwa natembea South Beach, nyuma ya maghorofa, nikamwona Punda wa bluu amepakiwa friji, limesimama wima, na mtu analifunga kamba huku anamtukana mwenzake kwa Kirundi.

"Ndikumana!"

"Eh! Papa Neema! Bado uko hai? Njoo ushike hapa, friji hii ina roho mbaya."

Nilishika. Nikiwa nimeshika nikamwuliza usukani wake ukoje.

"Usiniulize. Wenye Mapunda wenzangu wananionea wivu. Wao kila mwaka kwa fundi, mimi tangu uniwekee ile kitu yako sijafungua. Wananiambia nimemwendea mganga."

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, friji likiwa katikati yetu. Aliacha kufunga kamba.

"Kumbe mimi ndiye nimebeba mama yao wote?"

"Wewe."

"Na unaitaka."

"Naitaka. Na gari lako litasimama juu ya matofali, sijui siku ngapi. Na sijui kama tutaweza kutengeneza nyingine."

Gari lile ndilo kazi yake. Ana watoto watatu. Alitazama barabara, akatazama friji.

"Ndugu yangu anaendesha moja ya hao watoto wa bandia," akasema. "Anabeba wanafunzi. Acha nishushe friji hii kwanza. Lakini bushi haitembei bila mimi. Inakokwenda, nakwenda."

Nimekutana na watu wengi wenye magari. Sijui kama kuna mwingine angesema hivyo.

Tuliing'oa yadini. Tulipoifuta grisi, niliisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa imelika. Katikati haikuwa tena duara, ilikuwa yai. Ningependa kusema nilikuwa na tumaini, lakini sikuwa nalo. Tulikwenda Chatsworth sisi watatu, mimi, Ndikumana na Uncle Rajen, tukamkuta Mzee Saidi amelazwa kwenye mito mitatu karibu na dirisha, anapumua kwa kazi. Binti yake alitukubalia nusu saa.

Nilimwekea bushi kiganjani.

"Ndiyo," akasema mara moja. "Habari za siku nyingi."

"Imelika, Mzee," nikasema.

"Najua imelika. Mimi nina mito mitatu mgongoni, na mimi nimelika." Akaingiza kidole, akapita lile yai bila kusimama, akafika mwisho wa ndani, pembeni kabisa. Hapo akasimama. Akageuza kidole, akatumia ukucha. Kisha akaitoa, akaigeuza bushi, akafanya hivyo hivyo upande wa pili.

"Rajen. Pini haifiki mpaka mwisho. Hapa iko ukingo. Mwembamba kama ukucha, lakini haujaguswa na kitu tangu siku iliyotengenezwa. Na huku iko mwingine. Pima huu, pima huu. Katikati utajua mwenyewe inavyoteremka."

Uncle Rajen alichukua bushi, akaenda nayo dirishani. Nilimwona anaishika kwa namna ambayo sijamwona akishika kitu. Nilipewa nami nikapitisha ukucha. Ulikuwepo. Ngazi ndogo sana, ya mviringo, imebaki nzima wakati kila kitu kando yake kimeliwa na miaka sita ya vitanda na friji za watu. Nilitamani kuvua kofia, na sikuwa nimevaa.

"Safari hii andika," Mzee akamwambia Rajen.

"Nitaandika, Uncle."

"Si kwenye karatasi zako zile."

Vipimo vile viko kwenye bamba la chuma pale ukutani. Niligonga tarakimu mwenyewe, moja moja. Hata ile tano iliyolala upande ni mimi.

Uncle Rajen alikereza ya kwanza siku iliyofuata. Niliipeleka Chatsworth. Mzee aliingiza kidole, akasema, "Bado." Ya pili, "Bado, mfereji una makali, grisi itakatika." Ya tatu aliirudisha tu. Kila mara Ndikumana alikuwa nami, amekaa sakafuni na kofia mapajani, na kila mara tulirudi nayo kwa taxi. Ya nne ilimkuta amelala, tukasubiri, binti yake akatupa chai. Alipoamka aliipima, akasema, "Imekaribia." Alhamisi tarehe kumi na moja tulimpelekea ya tano. Aliiweka kidoleni akafumba macho. Nilidhani amelala tena. Kisha akaivuta chini ya shuka, akaifumbata ngumini, akakaa nayo. Binti yake alimwuliza kama anaumwa.

"Waache waende," akasema. "Kesho waje wachukue."

Kesho yake nilikwisha kuieleza pale juu. Bushi nilipewa na binti yake, imefungwa kwenye leso safi. Hatukujua, si mimi wala Rajen, kama alikuwa ameikubali au alikuwa ameishika tu.

Jumatatu niliamka mapema. Mimi na Ndikumana tuliifunga, tukajaza grisi, tukamshusha Punda kutoka kwenye matofali. Ilikuwa bado saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ile barabara ndefu ya viwanda haikuwa na lori hata moja. Ndikumana alisimama kando ya mlango wa dereva, akanipa ufunguo.

"Endesha wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyenipa ya kwanza."

Nilianza polepole. Nilipinda kulia kidogo, nikapinda kushoto. Usukani ulijibu papo hapo, mzito na mtulivu. Niliongeza mwendo. Kisha, sijui nani aliniambia, niliinua mikono yote miwili, nikaiacha hewani, juu ya usukani. Ndikumana alishika dashibodi. Sikumwangalia. Nilikuwa naangalia ule mstari mweupe wa katikati, na Punda alikuwa anaufuata kama anausoma, hapotei kushoto, hapotei kulia, mbele, mbele, ghala baada ya ghala.

"Robot, Papa Neema," Ndikumana akasema taratibu, akinionyesha taa za barabarani mbele. "Iko nyekundu."

Nikashika usukani, nikafunga breki.